Bolti kumi na sita

Paneli yangu ya kwanza ilikuwa mraba wa mita 1 kwa mita 1. Mbele bamba la chuma la milimita 2, nyuma bamba jingine kama hilo, na katikati sufi ya madini yenye unene wa milimita 100. Swali nililopewa lilikuwa jepesi: upande mmoja ukishikiliwa kwenye nyuzi 70 na mwingine ukiwa kwenye nyuzi 20, joto kiasi gani litapenya?

Nilipiga hesabu kwa kalamu. Sufi ya aina ile hupitisha wati 0.04 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Unene wa mita 0.1 ukigawanywa kwa 0.04 unatoa ukinzani wa 2.5. Chuma sikukihesabu kabisa, kwa sababu milimita 2 za chuma hazizuii chochote cha maana. Nikaongeza kidogo kwa ajili ya hewa iliyotanda kwenye nyuso mbili za paneli, nikafika 2.7. Nyuzi 50 kugawanya kwa 2.7: wati 18 na nusu. Nikaandika jibu, nikasaini.

Tulipoifunga paneli kwenye chumba cha majaribio, tukawasha hita na kusubiri hadi vipimo vyote vitulie, mita ya umeme ilionyesha kwamba, baada ya kutoa kinachopotea kwenye kuta nyingine za chumba, paneli ilikuwa inapitisha wati 42.

Nilishinda siku mbili nikitafuta kosa kila mahali isipokuwa lilipokuwa. Nilikagua mita. Nilibadilisha vipimajoto. Niliziba pembe kwa utepe nikidhani hewa inavuja. Nilifika hata kulituhumu gunia la sufi, kwamba huenda si sufi iliyoandikwa kwenye lebo. Siku ya tatu nilipitisha kiganja juu ya bamba la upande wa baridi, bila kusudi maalumu, na vidole vikagusa kichwa cha bolti. Kilikuwa na uvuguvugu. Nikaweka kipimajoto: kichwa cha bolti nyuzi 29, na bamba katikati ya bolti na bolti nyuzi 23.

Bolti zilikuwa 16, za chuma cha kawaida, kipenyo milimita 10, zimetoboa kutoka bamba hadi bamba ili kulishika umbo. Kwenye mchoro wangu zilikuwepo. Kwenye hesabu yangu hazikuwepo, kwa kuwa nilizipima kwa jicho nikaona ni kitu kidogo mno. Na kweli ni kidogo: eneo la bolti zote 16 kwa pamoja halifiki hata sehemu 2 kwa kila 1,000 za paneli. Lakini chuma kile hupitisha joto takriban 50 kwa kipimo kilekile ambacho sufi hupata 0.04. Ni mara 1,250. Ukizihesabu bolti peke yake, kana kwamba joto linafika kwenye vichwa vyake bila kizuizi, unapata wati 31, zaidi ya zile zote zinazopita kwenye sufi. Uhalisia ulikuwa chini kidogo ya hapo kwa sababu joto lazima kwanza likusanyike kutoka kwenye bamba hadi kwenye kichwa cha bolti, kisha litawanyike tena upande wa pili, na bamba jembamba halifanyi kazi hiyo bure. Ndiyo maana kichwa kilikuwa na joto kuliko bamba lililokizunguka.

Watu hupenda kusema joto hutafuta njia rahisi. Siku ile niliacha kuisema hivyo, kwani inapotosha. Joto halichagui. Linapita njia zote kwa wakati mmoja, kila njia kwa kadiri ya uwezo wake. Sufi iliendelea kupitisha wati zake 18 kama nilivyokokotoa. Hesabu yangu ya sufi ilikuwa sahihi kabisa. Nilichokosea ni kudhani kwamba paneli ni sufi.

Nilizitoa bolti zile moja moja, nikaweka za chuma kisichoshika kutu, za ukubwa uleule. Kipimo kikashuka hadi wati 27. Ukiziweka bolti za aina hizi mbili mezani, macho yanaweza yasitofautishe, lakini moja hupitisha 50 na nyingine karibu 15. Tofauti hiyo ilinisumbua kwa muda mrefu kuliko hata kosa lenyewe, maana zote mbili kwa sehemu kubwa ni chuma kilekile. Kisichoshika kutu kimechanganywa na kromi, na mara nyingi nikeli pia. Ndani ya metali joto hubebwa zaidi na elektroni, na elektroni husafiri vizuri pale ambapo atomu zimepangika kwa utaratibu usiobadilika. Ingiza atomu ngeni huku na huku, na kila mojawapo inakuwa kikwazo cha kugonga na kutawanyika.

Mfano unaonishangaza mpaka leo ni shaba na nikeli. Shaba safi hupitisha karibu 400. Nikeli safi hupitisha karibu 90. Ziyeyushe pamoja kwa uwiano wa sehemu 55 kwa 45, upate konstantani, ile ile inayotumika kutengeneza nyaya za themokapo, yaani vipimajoto vya nyaya mbili za metali tofauti. Mtu yeyote angekisia jibu mahali fulani kati ya 90 na 400. Jibu ni karibu 20. Mchanganyiko uko chini ya wazazi wake wote wawili. Hakuna wastani wa aina yoyote unaoweza kukupeleka huko, kwa sababu wastani daima hukaa kati ya vinavyopimwa.

Baada ya paneli ile nilianza kuuliza swali lile lile kwa kila kitu: vitu hivi vimekaaje humo ndani? Chukua nusu chuma na nusu sufi, kwa ujazo. Ukivipanga kama matabaka yaliyolala sambamba na safari ya joto, kila tabaka likiwa njia kamili kutoka mwanzo hadi mwisho, upitishaji wa jumla ni 25. Ukiligeuza bunda hilo hilo ili joto lilazimike kuvuka tabaka moja baada ya jingine, upitishaji ni 0.08. Ni vitu vile vile, uzito ule ule, na tofauti inazidi mara 300. Mipaka hii miwili ilielezwa na Otto Wiener mwaka 1912, na kila mchanganyiko wa vitu viwili vinavyobaki vyenyewe bila kuyeyukiana utakuwa kati yake. Mbao inabeba jambo hilo kwa asili yake: joto hupita kwa urahisi zaidi kufuata nyuzi za mti kuliko kuzikata, mara nyingi karibu mara mbili. Kwa hiyo anayeuliza mbao inapitisha joto kiasi gani hajamaliza kuuliza.

Lakini bolti ni kitu kinachoonekana. Kilichonifundisha zaidi ni bonge la resini.

Tulihitaji kitu kinachoweza kumiminwa kwenye umbo lolote kikauka, na kinachopitisha joto kuliko resini tupu. Resini tupu hupitisha 0.2 tu. Wazo langu lilikuwa kuichanganya na poda ya alumini, ambayo hupitisha karibu 237, sehemu moja kwa tano ya ujazo. Bado nilikuwa na tabia ya wastani, nikaona namba 47 ikinijia kichwani hata kabla sijashika kalamu. Mwalimu aliyekuwa akinisimamia hakubishana nami. Alinionyesha tu kanuni ambayo James Clerk Maxwell aliichapisha mwaka 1873. Aliiandika kwa ajili ya umeme unaopita kwenye kitu chenye punje zilizotawanyika ndani yake, lakini hisabati ya joto ni hiyo hiyo. Inasema kwamba hata punje zingekuwa zinapitisha bila kikomo, sehemu moja kwa tano ingeongeza upitishaji wa resini kwa mara 1.75 tu. Yaani kutoka 0.2 hadi 0.35. Kila punje ni kisiwa. Joto likiingia kwenye alumini linavuka mara moja, lakini kutoka kisiwa hadi kisiwa ni lazima livuke resini, na resini ndiyo inayotoza ushuru.

Nilimimina bonge lenye upana wa milimita 200 kila upande na unene wa milimita 60. Nikazika themokapo katikati yake kila baada ya milimita 10. Resini ilikuwa ya kukauka polepole. Niliiacha usiku kucha, na siku iliyofuata nikaweka bamba la moto juu na bamba la baridi chini, nikavika pande zote sufi.

Nilitegemea halijoto ishuke kutoka juu hadi chini kwa mstari ulionyooka. Joseph Fourier, ambaye kazi yake kuu juu ya joto ilitoka mwaka 1822, alitupa uhusiano ambao kila fundi wa joto anautegemea: joto linalopita ni upitishaji mara ukali wa mteremko wa halijoto. Vipimo vikishatulia, joto linaloingia juu lazima ndilo linalotoka chini, hivyo kila tabaka linapitisha kiasi kile kile. Kitu kikiwa sawia kote, mteremko nao ni sawia kote. Namba zangu, kutoka juu kwenda chini, zilikuwa hizi: milimita 10 za kwanza zilimeza nyuzi 12, zilizofuata 9, kisha 7, 6, 5, na za mwisho 4.

Mstari ulikuwa umepinda. Nilijua sababu moja inayopinda mstari, nayo ni kuvuja kwa joto ubavuni. Joto likivuja njiani, karibu na hita linapita jingi na mteremko unakuwa mkali, na kadiri unavyoshuka linabaki dogo na mteremko unalegea. Ndicho hasa nilichokuwa nakiona. Nikaongeza sufi ubavuni. Mstari ukabaki umepinda. Nikaongeza tena. Nilikuwa nimeanza kutengeneza kasha la tatu Mwalimu alipopita.

“Mwanangu, umelipindua?”

“La, Mwalimu.”

“Lipindue kwanza, kisha uendelee na kasha.”

Nililigeuza kichwa chini miguu juu. Kama tatizo lingekuwa kuvuja, mteremko mkali ungebaki juu karibu na bamba la moto, maana kuvuja hakujui upande upi wa bonge ni upi. Nilisubiri saa nyingi vipimo vitulie, kisha nikasoma. Mteremko mkali ulikuwa umehama na bonge. Sasa ulikuwa chini, upande wa baridi, kwenye uso ule ule ambao siku iliyotangulia ulikuwa juu.

Nilikaa chini kwenye kiti. Bonge lenyewe ndilo halikuwa sawa. Usiku ule resini ikiwa bado majimaji, poda ya alumini, ambayo ni nzito zaidi ya mara mbili ya resini, ilikuwa inazama taratibu. Juu palibaki resini karibu tupu. Chini palijaa poda. Na kwa kuwa joto lile lile linapita kila tabaka, namba zangu sita zilikuwa zinaniambia habari hiyo tangu mwanzo: panapomeza nyuzi 12 na panapomeza nyuzi 4 panatofautiana upitishaji kwa mara 3, basi kama juu ni 0.2 chini ni 0.6. Kile nilichokuwa nakifunika kwa sufi ili kiondoke kilikuwa ramani ya bonge, tabaka kwa tabaka, imechorwa na joto lenyewe.

Tangu hapo sijawahi kumaliza kipimo cha kitu chochote bila kukipindua. Inachukua siku nzima zaidi, na kuna wakati wenzangu wanaona ninawachelewesha. Ninakubali lawama hiyo. Kupindua kunatenganisha kosa la chombo na habari ya kitu, na sijui njia ya bei nafuu zaidi ya kufanya hivyo.

Kosa lililofuata lilikuwa la kompyuta, na lilinichukua muda mrefu kuliko yote kuligundua kwa sababu programu haina kichwa cha bolti cha kugusa. Niliandika programu ya kukokotoa joto ndani ya vitu vyenye matabaka. Nilikuwa nimejifunza mlinganyo wa joto kwa kitu kilicho sawia, ambapo upitishaji husimama nje kama namba moja isiyobadilika. Nikauchukua ulivyo, nikaweka tu upitishaji tofauti kila mahali. Huwezi kufanya hivyo. Upitishaji unaobadilika kutoka mahali hadi mahali lazima ubaki ndani ya hesabu ya mteremko, ushughulikiwe pamoja na halijoto, la sivyo joto linapotea au linazaliwa mpakani bila chanzo. Nilipojumlisha joto lililoingia na lililotoka, havikulingana. Hilo angalau lilijitangaza lenyewe.

La pili halikujitangaza. Nilipoirekebisha, programu iligawa kitu katika vyumba vidogo, na ilihitaji upitishaji mmoja kwa ajili ya mpaka kati ya chumba na chumba. Kati ya chuma chenye 50 na sufi yenye 0.04, niliweka nini? Niliweka wastani: 25. Joto likalingana, mistari ikawa laini, kila kitu kikapendeza. Nami nikaamini.

Fikiria maana ya ile 25. Katikati ya chumba cha chuma na katikati ya chumba cha sufi, joto linavuka nusu chumba cha chuma halafu nusu chumba cha sufi. Ukiweka 25, ile nusu ya sufi imefutwa, imegeuzwa chuma. Ukinzani ndio unaojumlishwa kwenye safari ya kuvuka, kwa hiyo ni lazima ujumlishe kinyume cha upitishaji kisha ugeuze jibu. Ukifanya hivyo mpaka unapata 0.08, si 25. Mimi nilikuwa nimeigawa sufi katika vyumba 5, na kila mwisho programu iliniibia nusu chumba. Nikabaki na vyumba 4 vya sufi badala ya 5, na joto lililopita likawa asilimia 25 zaidi ya ukweli. Nilipogawa katika vyumba 10, kosa likashuka hadi asilimia 11. Likashuka hivyo polepole kadiri nilivyozidi kugawa, na hapo ndipo lilipojificha: nilidhani ni ukosefu wa usahihi wa kawaida, unaotibiwa kwa kompyuta yenye nguvu zaidi. Namna sahihi ya kujumlisha ilinipa jibu kamili kwa vyumba 5 vile vile.

Ninayoyasema yote yanahusu hali iliyotulia. Muda ukiingia, mambo yanabadilika, na sharti niseme kidogo. Kwenye ukuta wa matabaka, hali ikishatulia, kubadilisha mfuatano wa matabaka hakubadilishi chochote. Ukinzani ukijumlishwa ni ule ule. Nilitumia hoja hiyo kumwambia mwenzangu kwamba haijalishi tofali litakaa ndani ya tanuru na sufi nje, au kinyume chake. Kwa joto linalopotea siku nzima tanuru likiwa limeshapata moto, nilikuwa sahihi. Lakini tanuru lile lilikuwa la kuwashwa na kuzimwa kila siku. Tofali likiwa ndani, hita lazima kwanza lilijaze tofali zito joto kabla hewa haijafika inapotakiwa, na joto hilo linaachwa lipotee usiku. Sufi ikiwa ndani, tanuru linapata moto haraka sana. Tulilijenga kwa mfuatano mbaya kwa sababu ya neno langu, na waliolitumia walilipia kwa kusubiri kila asubuhi. Siku hizi, kabla sijajibu swali la mfuatano, huuliza kwanza kitu kitawashwa mara ngapi.

Unyevu nautaja kwa kifupi, ingawa umeharibu kazi nyingi. Sufi haizuii joto kwa nyuzi zake. Inazuia kwa hewa iliyofungwa kati ya nyuzi, ambayo hupitisha 0.026 tu. Maji hupitisha 0.6. Kila tone linalochukua nafasi ya hewa linaweka mahali pake kitu kinachopitisha mara 23 zaidi, tena maji hujikusanya kwenye maungano ya nyuzi, mahali hasa panapounganisha kisiwa na kisiwa.

Bonge la resini nililihifadhi kwa miezi kadhaa. Mwishowe tuliomba msumeno, tukalikata vipande sita vya milimita 10, sambamba na pale zilipokuwa themokapo. Kipande cha juu mwanga ulikipenya. Ukikishika dirishani unaona kivuli cha vidole vyako upande wa pili. Kila kilichofuata kilikuwa cha kijivu zaidi, na cha chini kabisa kilikuwa kizito mkononi na baridi kukigusa, kama jiwe. Nilikata kutoka kila kimoja kijimraba kisafi, nikakipima uzito na ujazo. Resini tupu ina gramu 1.15 kwa sentimita moja ya ujazo na alumini 2.7. Kipande cha juu kilipata 1.15. Cha chini kilipata 1.66, yaani karibu theluthi moja yake ilikuwa alumini.

Kanuni ya Maxwell kwa theluthi moja inatoa ongezeko la mara 2.5. Joto lilikuwa limeniambia mara 3. Maxwell alidhania punje zilizo mbali mbali, zisizosumbuana, na kwenye theluthi moja punje zimeshakaribiana kiasi cha kusaidiana. Niliziandika namba hizo mbili ubavuni mwa kipande cha chini kwa kalamu ya wino mzito, nikampelekea Mwalimu. Alikigeuza mkononi mara mbili, akakiweka juu ya meza yake, na hakunirudishia.